Msomaji Asikupotee: Namna ya Kutumia Mlisho wa RSS Kwenye Blogu Yako

Wanablogu wanaoandika kwa Kiswahili wananiuliza swali moja tena na tena: "Naandika kila wiki, naweka kiungo Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp, lakini walewale wanaosema wanaipenda blogu yangu hawajui kama nimetoa kitu kipya. Nifanyeje?"

Hapa nawajibu wote kwa pamoja. Kama blogu yako iko Blogger, WordPress, Substack, Medium au Ghost, ina mlisho wa RSS ambao kwa kawaida hufanya kazi tangu siku ulipoifungua. Huulipii, wala huhitaji fundi. Kazi iliyobaki ni kujua ulipo, kuuweka sawa na kumwonyesha msomaji. Tuanze.

## Mlisho unafanya nini

Mlisho ni faili lililomo ndani ya blogu yako, linaloorodhesha makala zako za karibuni: kichwa, tarehe, kiungo na maandishi yenyewe. Kila unapochapisha, faili hilo linajiandika upya. Msomaji anaweka anwani yake kwenye programu ya kusomea milisho, na programu inapita yenyewe kila baada ya muda kuangalia kama kuna jipya. Likiwepo, anapelekewa.

Mlisho unafaa kwa sababu hizi:

- Hakuna anayechuja. Aliyejiunga anaweza kupata kila makala unayochapisha, bila kampuni kuamua ipi aione na ipi afichwe.
- Msomaji hakuachii namba ya simu wala barua pepe. Anayefuatilia blogu ya afya ya uzazi, ya ndoa au ya siasa anaweza kukusoma kwa siri yake.
- Hafungwi na programu moja. Akitaka kuhama, anatoa orodha ya milisho yake yote katika faili la OPML na kuiingiza kwenye programu nyingine. Blogu yako inahama naye.

## "Lakini RSS si ilishakufa?"

Wanaouliza hivi wanakumbuka Google Reader, programu ya Google ya kusomea milisho iliyofungwa tarehe 1 Julai 2013. Firefox nayo iliondoa sehemu yake ya milisho mwishoni mwa 2018. Zilizokufa ni huduma hizo. RSS yenyewe, ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2002, ingali kazini. Podikasti nyingi unazosikiliza husambazwa kwa mlisho wa RSS. BBC Swahili wanao mlisho wao, na chaneli za YouTube pia zina milisho.

Tazama sasa upande wa pili. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa takribani saa sita. Januari mwaka huohuo, Uganda ilifunga mitandao ya kijamii wakati wa uchaguzi, na Facebook ikabaki imefungwa hata baada ya huduma nyingine kurudi. Mwanablogu aliyekuwa na wasomaji wake wote Facebook hakuwa na pa kuwapata.

Sikwambii uiache Facebook wala WhatsApp, maana wasomaji wapya wengi watakufahamu kupitia huko. Ninachosisitiza ni kwamba msomaji aliyekwisha kukupenda apewe njia ya kudumu, isiyotegemea uamuzi wa kampuni. Wazee walituasa: usiache mbachao kwa msala upitao.

## Hatua ya 1: Itafute anwani ya mlisho wako

Chukua anwani ya blogu yako, kisha mwishoni ongeza kipande kinachohusika:

- WordPress: /feed/
- Blogger: /feeds/posts/default
- Substack: /feed
- Ghost: /rss/
- Medium: hapa anwani huanza na medium.com/feed/ na kufuatiwa na alama ya @ na jina lako la mtumiaji

Ukiifungua kwenye kivinjari utaona maandishi yaliyojaa mabano na alama za ajabu, au simu itataka kupakua faili. Usishtuke. Faili hilo limeandikwa lisomwe na programu.

Je, blogu yako inachanganya mambo, leo kilimo, kesho soka? Kila kategoria ina mlisho wake. WordPress, andika /category/kilimo/feed/. Blogger, andika /feeds/posts/default/-/Kilimo, ukizingatia herufi kubwa na ndogo kama ulivyoziandika kwenye lebo. Mkulima anayekuja kwako kwa ajili ya mbegu na mbolea hatachoshwa na matokeo ya ligi, na shabiki wa soka hatalazimika kupita kwenye habari za viuatilifu.

Tahadhari: blogu iliyofungwa ili isomwe na watu maalumu tu haisomeki na programu za milisho. Kama uliifunga zamani ukasahau, anza kwa kuifungua.

## Hatua ya 2: Ukague kabla ya kuutangaza

1. Nenda validator.w3.org/feed, ubandike anwani ya mlisho wako. Huduma hii ni ya bure, inaendeshwa na W3C, taasisi inayosimamia viwango vya wavuti. Itakuonyesha kosa liko mstari wa ngapi. Maonyo madogomadogo yasikutishe. Shughulikia kwanza yale yaliyoandikwa kuwa ni makosa.
2. Jiunge na blogu yako mwenyewe kwa programu ya milisho, uione kama msomaji anavyoiona.
3. Angalia vichwa. Makala isiyo na kichwa, au yenye kichwa kama "Leo", haimvuti mtu kwenye orodha ya makala nyingi.
4. Angalia picha zinafunguka. Picha iliyowekwa kwa anwani nusunusu itaonekana ndani ya blogu lakini kwenye mlisho inaweza kubaki pengo.
5. Kagua saa ya blogu. Kwenye WordPress, ingia "Settings", kisha "General", uchague Nairobi, Dar es Salaam au mji wako. Ukiacha saa ya UTC, makala uliyoipangia itoke saa 2 asubuhi itatoka saa 5 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, wakati msomaji wako ameshashuka kwenye daladala na kuzama kazini.

## Hatua ya 3: Utume makala nzima au kionjo?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Unaweza kuruhusu mlisho ubebe makala nzima, au ubebe kionjo tu na kumtaka msomaji abofye kuja kwenye blogu. Ushauri wangu ni makala nzima, na sababu yake kubwa ni bando. Zipo programu za milisho zinazopakua maandishi simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini au chuoni, na msomaji akaja kuyasoma njiani bila kutumia data. Ukimpa kionjo, unamlazimisha afungue ukurasa mzito wenye matangazo na picha, alipie data, tena pengine mahali ambapo mtandao unasuasua. Wengi hawabofyi.

Namna ya kuweka:

- WordPress: "Settings", kisha "Reading". Penye swali la mlisho ubebe nini, chagua "Full text".
- Blogger: "Settings", shuka hadi "Site feed", fungua "Allow blog feed", uchague "Full".

Najua pingamizi zako.

"Wataniibia makala." Mwizi anaweza kunakili hata kutoka kwenye ukurasa wenyewe. Kinachosaidia ni kuweka mstari mmoja chini ya kila makala ndani ya mlisho, wenye jina la blogu yako na kiungo. Nakala ikichukuliwa na mashine, mara nyingi mstari huo huchukuliwa nayo, na msomaji anajua chanzo. Blogger wana nafasi yake iitwayo "Post feed footer". Kwenye WordPress, programu-jalizi ya Yoast SEO inaruhusu jambo hilohilo.

"Nitakosa mapato ya matangazo." Kama matangazo ya kwenye ukurasa ndiyo yanayokulipia seva, una haki ya kutumia kionjo. Kiwe na aya mbili au tatu zenye maana kamili, zinazomwonyesha msomaji anachokifuata. Kionjo cha mstari mmoja uliokatwa katikati ya sentensi kinamkera mtu, na huo ndio mwanzo wa kujiondoa.

## Hatua ya 4: Mlango uonekane

Mlisho usiotangazwa ni sawa na usiokuwepo. Weka kiungo chake:

- Juu ya ukurasa au pembeni, penye alama ya rangi ya chungwa yenye nukta na mawimbi mawili. Kando yake andika maneno kamili, "Fuatilia blogu hii", kwani wengi hawaijui alama hiyo.
- Chini ya kila makala. Aliyefika mwisho ameonyesha kwamba anakusoma, na hapo ndipo pa kumwomba.
- Kwenye ukurasa wa "Kuhusu".

Jambo moja la kitaalamu ulichunguze. Programu nyingi zina uwezo wa kuupata mlisho hata msomaji akiandika anwani ya kawaida ya blogu, mradi kiolezo cha blogu kina mstari unaoutambulisha. Violezo vya kawaida vya WordPress na Blogger vinao, ila baadhi ya violezo vya kununua au vilivyofanyiwa ukarabati vimeupoteza. Jaribu: andika anwani ya blogu yako, bila nyongeza, kwenye programu ya milisho. Ikisema haikuona kitu, mwambie aliyekutengenezea kiolezo arudishe mstari huo.

## Hatua ya 5: Mfundishe msomaji

Usidhani wasomaji wako wanajua RSS. Tengeneza ukurasa mmoja uitwao "Jinsi ya kufuatilia blogu hii" na uunganishe na kiungo chako cha kujiunga. Unaweza kuuanza hivi, ukirekebisha upendavyo:

*Ndugu msomaji, ukitaka kila makala mpya ikufikie bila kukupa kazi ya kuitafuta, fanya hivi:*

1. *Pakua programu ya kusomea milisho. Kwa Android, ipo Feeder. Kwa iPhone, ipo NetNewsWire. Zote ni za bure. Ukipenda kusoma kwenye simu na kompyuta kwa akaunti moja, fungua Feedly au Inoreader.*
2. *Nakili anwani hii:* (weka hapa anwani ya mlisho wako).
3. *Fungua programu, bonyeza alama ya kujumlisha, bandika anwani, kisha thibitisha.*
4. *Makala zitaanza kuonekana. Ukichoka, futa, hakuna atakayekuuliza.*

Sentensi ya mwisho usiikate. Watu wetu wengi wamechoshwa na ujumbe wa matangazo usiozimika, na wanajiunga kwa moyo mweupe wakijua kutoka ni rahisi.

Ukimsaidia mtu ana kwa ana, mwongezee na mlisho mwingine anaoupenda, kwa mfano wa BBC Swahili. Programu yenye blogu moja tu husahaulika. Yenye habari za kila siku hufunguliwa kila siku, nawe utakuwemo.

## Hatua ya 6: Mlisho uwafikie hata wasioutumia

Wasomaji wako wengi hawatapakua programu mpya. Hao nao wafikie kwa mlisho huohuo:

- Barua pepe. Huduma kama Mailchimp, Buttondown na follow.it zinaweza kusoma mlisho wako na kuwatumia waliojiandikisha kila unapochapisha. Soma masharti ya bei kabla, maana kiwango cha bure hubadilika.
- Telegram. Zipo boti zinazosoma mlisho na kuweka kiungo kwenye chaneli yako zenyewe.
- WhatsApp. Hapa bandika kiungo kwa mkono, pamoja na sentensi mbili zinazoeleza makala inahusu nini. Mara moja moja ongeza kiungo cha ule ukurasa wa kujiunga.

Tahadhari: ukikusanya barua pepe, pakua nakala ya orodha yako kila mwezi na uihifadhi mahali salama. FeedBurner ya Google ilikuwa ikiwatumia wasomaji wa blogu nyingi barua pepe, hadi mwaka 2021 ilipoondoa huduma hiyo. Waliokuwa na nakala ya orodha walihamia kwingine na wasomaji wao.

## Makosa yanayowapoteza wasomaji

Kuhama bila kuelekeza. Ukitoka Blogger kwenda WordPress, kisomaji cha msomaji kinaendelea kugonga mlango wa zamani. Kabla ya kuhama, andika makala ya kuaga yenye anwani mpya. Itawafikia kupitia mlisho wa zamani. Kisha ingia "Site feed" kwenye Blogger, ujaze anwani mpya penye "Post feed redirect URL". Ukibadilisha jina la tovuti, mwombe anayekuuzia hosting aweke uelekezaji wa kudumu wa namba 301, na uendelee kulilipia jina la zamani kwa angalau mwaka.

Kuchapisha kabla hujahariri. Programu ikishachukua makala yako, unaweza kuifuta kwenye blogu lakini nakala ikabaki kwa msomaji. Jina la mtu uliloliandika kimakosa au tuhuma usiyoihakiki hairudi. Soma makala yako mara ya mwisho *kabla* ya kubonyeza, hasa ikiwa inagusa heshima ya mtu.

Kuchapisha makala nyingi kwa mkupuo. WordPress kwa kawaida huweka makala 10 za mwisho kwenye mlisho. Ukipandisha 15 kwa saa moja, 5 zinaweza kupita bila kuonekana. Zipangie siku tofauti, au ongeza idadi hiyo kwenye "Reading".

Kubadilisha vitambulisho. Kila makala ina kitambulisho ndani ya mlisho. Fundi akihamisha tovuti ya WordPress na kubadilisha maneno yote ya hifadhidata kwa pamoja, vitambulisho navyo hubadilika, na msomaji anaweza kupokea makala za zamani kama mpya. Mwambie mapema asiguse safu ya "guid".

Nafasi tupu mwanzoni mwa faili. Hili huwapata waliohariri faili la functions.php. Mstari mmoja mtupu kabla ya msimbo au baada yake unaweza kuuvunja mlisho wote huku blogu ikionekana nzima. Kila ukihariri, rudi kwenye ukaguzi wa hatua ya 2.

Ulinzi uliozidi. Zana za kuzuia roboti, kama zile za Cloudflare, wakati mwingine huzuia visomaji vya milisho. Wasomaji wakilalamika kwamba makala hazifiki ilhali mlisho ni mzima, anzia hapo: ruhusu anwani ya mlisho ipite bila kuhojiwa.

## Maswali mengine mnayoniuliza

Nitajuaje wamejiunga wangapi? Hutapata idadi kamili, kwa kuwa msomaji hajisajili kwako. Baadhi ya huduma, Feedly ikiwemo, hutaja idadi ya waliojiunga zinapokuja kusoma mlisho wako, na kumbukumbu za seva huihifadhi. Kipimo kilicho karibu nawe zaidi ni barua na maoni ya wasomaji.

Nimechapisha sasa hivi, mbona haijaonekana? Programu hupita kwa zamu. Nyingine huchukua saa nzima au zaidi. Subiri. Ikipita siku nzima, kagua mlisho.

Ninaandika mara moja kwa mwezi, itanisaidia? Wewe ndiye unayeuhitaji zaidi. Hakuna msomaji atakayefungua blogu yako kila siku kwa mwezi mzima akiangalia kama umeandika. Mlisho unangoja kwa niaba yake, na msomaji wako aliyeko Muscat au Minneapolis ataikuta makala akiamka.

## Fanya haya wiki hii

1. Tafuta anwani ya mlisho wako na uikague.
2. Weka makala nzima, pamoja na mstari wa jina na kiungo chini yake.
3. Andika ukurasa wa "Jinsi ya kufuatilia blogu hii" na uweke kiungo chake chini ya kila makala.
4. Keti na wasomaji wako wachache wa karibu, uwaunganishe kwa simu zao wenyewe, ukitazama wanapokwama. Walipokwama ndipo pa kurekebisha maelezo yako.
5. Waambie wengine wote katika makala yako ijayo.

Kazi hii haizidi alasiri moja. Umekesha ukitafuta cha kuandika, ukapanga maneno, ukahariri. Usiiache kazi hiyo ipotelee kwenye ukurasa usio wako. Nenda kafungue mipangilio ya blogu yako leo.